"Upelelezi unaendelea": mwongozo wa kuripoti uhalifu kabla mahakama haijasema

Kila likitokea tukio kubwa la uhalifu, simu yangu hujaa maswali yale yale. "Kaka, jina lake tumelipata, tuliweke?" "Nimetumiwa video ya kukamatwa kwake, nirushe?" "Polisi wenyewe wamesema amekiri, sasa tunaogopa nini?" Wanaouliza ni waandishi wachanga wa mikoani, vijana wenye televisheni za mtandaoni, na wanaoendesha kurasa ambazo leo zinasomwa kuliko gazeti lolote la wilayani kwao. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja usiku. Leo naandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa kipindi kimoja tu: tangu tukio litokee hadi mahakama itoe hukumu. Ndicho kipindi ambacho kila mtu ana la kusema na hakuna aliyethibitisha.

Nitaeleza kwanza kwa nini jambo hili linanikaa moyoni. Mwaka wangu wa pili kazini nilitunga kichwa cha habari: "Muuaji wa mwenye duka anaswa." Mtu yule alikuwa fundi baiskeli. Alikaa mahabusu siku 11, akaachiwa bila kufikishwa mahakamani. Wiki chache baadaye alikuja ofisini kwetu. Kipande cha gazeti alikuwa amekikunja mara nne, kiko kwenye mfuko wa shati. Akakikunjua juu ya meza yangu, akakinyoosha kwa kiganja, akaweka kidole chenye grisi juu ya neno "Muuaji", akauliza: "Hili nani alikwambia?" Sikuwa na jibu. Polisi walisema wamemkamata mtu. Neno lile nililiweka mimi.

Swali lake nitalirudia humu mara nyingi, kwa kuwa sijapata kipimo kizuri kuliko hicho.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Daftari moja kwa tukio moja. La karatasi au la kwenye simu, sawa, ila usilichanganye na mambo mengine.
- Namba za watu watatu: ofisi ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa au msemaji wa polisi, karani wa mahakama iliyo karibu, na wakili mmoja mvumilivu. Karani ndiye watu humsahau, na ndiye anayejua kesi imetajwa lini, mbele ya hakimu gani, na imeahirishwa hadi tarehe ngapi.
- Katiba. Ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Ya Kenya inalinda haki hiyohiyo kwenye ibara ya 50(2)(a). Ziweke kwenye simu. Siku bosi akikubana, utazihitaji.
- Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, au za Baraza la Vyombo vya Habari kama uko Kenya. Zisome siku ya utulivu, kwa sababu siku ya tukio hutapata nafasi.
- Mtu wa pili wa kusoma kabla hujachapisha. Awe yeyote mwenye akili tulivu ambaye hakuwepo kwenye eneo la tukio.

Hatua ya 1: Jua shauri limefika wapi

Makosa mengi ninayoyaona yanatokana na kutojua hatua. Kila hatua ina jina lake, na ukilikosea jina umemsogeza mtu karibu na jela kwa kalamu yako.

*Anayehojiwa.* Polisi wamemwita kutoa maelezo. Huenda ni shahidi, huenda ndiye aliyeleta taarifa. Usimtaje jina.

*Mtuhumiwa*, au *mshukiwa* kama wanavyosema Kenya. Amekamatwa, hajafikishwa mahakamani. Polisi wana shaka juu yake, basi.

*Mshtakiwa.* Amesimama mahakamani akasomewa mashtaka. Sasa kuna karatasi, hati ya mashtaka, yenye jina, kosa, kifungu na namba ya kesi. Hapa unaweza kuandika jina bila kutetemeka, kwa sababu unaripoti kilichosomwa mbele ya hakimu.

*Aliyetiwa hatiani.* Mahakama imetamka. Ni hapa tu maneno "muuaji", "mbakaji" na "mwizi" yanapopata ruhusa, na hata hapa rufaa inaweza kubadilisha mambo.

Kuna pia milango ya kutokea, ambayo wachanga huichanganya sana. Kupewa dhamana si kushinda kesi. Mashtaka kufutwa baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuwasilisha nolle, yaani tamko kwamba hataki kuendelea na kesi, si sawa na kuachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa. Tanzania mtu aliyefutiwa kwa nolle anaweza kukamatwa tena kwa jambo lilelile, na tumeona watu wakikamatwa wakiwa bado kwenye viwanja vya mahakama. Na kunyimwa dhamana hakumaanishi hakimu amemwona mtu ana hatia. Kwa mauaji, sheria ya Tanzania yenyewe imefunga mlango wa dhamana, hakimu hana la kuamua. Kenya ni tofauti: ibara ya 49 inaruhusu dhamana kwa kosa lolote isipokuwa pawepo sababu nzito za kuikataa.

Tahadhari: Tanzania mtu akifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi kwa mauaji, hatakiwi kujibu lolote, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake, litasikilizwa Mahakama Kuu. Nimesoma habari zikisema "mshtakiwa alikaa kimya aliposomewa mauaji", na picha chini yake ikimwonyesha amekunja uso. Msomaji anatoka hapo akiamini mtu ameshindwa kujitetea, kumbe hakuulizwa.

Hatua ya 2: Fungua orodha ya nyakati

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari chora safu nne: saa, kilichosemwa, aliyesema, na alijuaje. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. "Mama ntilie wa jirani, saa 2 asubuhi, alisikia mayowe" ni tofauti na "mama ntilie wa jirani, saa 2 asubuhi, aliambiwa na dereva bodaboda kwamba kulikuwa na mayowe". Kwenye habari zote mbili huishia kuwa "mashuhuda wanasema". Kwenye daftari lako zisiwe kitu kimoja kamwe.

Usifute ulichoandika hata kikigeuka kuwa uongo. Kipigie mstari, andika pembeni nani amekikanusha na saa ngapi.

Hatua ya 3: Pima kila neno

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Kiswahili chetu kinapotutega.

Tazama kiungo kidogo "-ye-". Ukiandika "mume aliyemuua mkewe akamatwa", umeshahukumu. Kiungo kile kimemfunga mume na mauaji, na kukamatwa kumekuwa nyongeza tu. Andika: "Polisi wanamshikilia mwanamume mmoja kwa tuhuma za kumuua mkewe." Ni ndefu kidogo, na kila neno lina mwenyewe. Nani alikwambia anashikiliwa? Polisi. Nani anatuhumu? Polisi.

Kisha "inadaiwa" na "inasemekana". Watu wengi wanadhani ukitanguliza "inadaiwa" umejikinga. Inadaiwa na nani? Neno hilo linaficha mdai, na mara nyingi mdai ni mwandishi mwenyewe aliyesikia kitu kwenye kibanda cha chipsi. Kama kuna mdai, mtaje kwa jina au kwa cheo: "Kamanda wa Polisi anadai", "mdogo wa marehemu anadai". Kama hayupo, futa sentensi nzima.

"Wivu wa mapenzi." Hii ni kauli ya taarifa za polisi, imezoeleka hadi tunaiandika tukiwa tumefumba macho. Saa sita baada ya mwili kupatikana tunaambiwa chanzo ni wivu wa mapenzi, nasi tunachapa. Anayeweza kuikanusha amekufa. Na neno lenyewe lina hila: linamtafutia aliyeua sababu, na linamwachia marehemu doa kwamba palikuwa na jambo. Hata kama kamanda amelitamka, liandike kama kauli yake, ndani ya alama za kunukuu, na usilipandishe kwenye kichwa cha habari. Januari 2024, wanawake walipouawa Nairobi kwenye nyumba za kupanga kwa usiku mmoja, mitandaoni watu wengi waliuliza marehemu walifuata nini huko kabla ya kuuliza nani aliwaua. Tarehe 27 mwezi ule maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na hasira yao kwa sehemu ilikuwa juu ya namna vifo vile vilivyozungumzwa.

"Wananchi wenye hasira kali." Tafadhali, tuliache neno hili. Kundi la watu likimpiga mtu hadi kufa, hilo ni kosa la mauaji, na wenye kulitenda hawajathibitisha hata kama aliyekufa aliiba. Tukisema "mwizi auawa na wananchi wenye hasira kali" tumemhukumu marehemu kuwa mwizi na tumewapa wauaji udhuru, vyote katika mstari mmoja. Andika: "Mtu mmoja ameuawa kwa kupigwa na kundi la watu waliomtuhumu kuiba."

Mengine ya kupita haraka: "jambazi sugu" ni hukumu. "Amenaswa" ni la mtego wa panya, "amekamatwa" linatosha. "Unyama" na "ukatili wa kutisha" viache. Eleza kilichotokea, msomaji ataona mwenyewe.

Hatua ya 4: "Lakini polisi wamesema"

Polisi ni chanzo, na ni chanzo kikubwa. Pia ni upande mmoja wa shauri. Kazi yao ni kumpeleka mtu mahakamani, si kumtia hatiani, na kauli ya meza ya waandishi wa habari si ushahidi mpaka ipite kwa hakimu.

Kinachowachanganya wengi ni "amekiri". Ukisikia neno hili, simama. Sheria ya Ushahidi ya Kenya haikubali ungamo lililotolewa tu kwa mpelelezi wa kesi. Linatakiwa litolewe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa shauri hilo, pamoja na mtu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Tanzania maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yanaweza kupokelewa, lakini mshtakiwa akisema aliteswa, mahakama husimamisha shauri na kufungua kesi ndogo ndani ya kesi kubwa ili kuamua kama yalitolewa kwa hiari. Waliofuatilia kesi ya Freeman Mbowe na wenzake mwaka 2021 wanakumbuka ilichukua siku ngapi kubishania maelezo ya mshtakiwa mmoja. Majaji na mawakili wanatumia wiki kuamua kama kukiri ni kukiri. Sisi tunaamua kwa sekunde kumi.

Mfano wa karibu ni ule wa timbo la Kware, Nairobi. Julai 2024, baada ya miili ya wanawake kuopolewa pale ikiwa ndani ya magunia, idara ya upelelezi ilitangaza kwamba mwanamume mmoja aliyekamatwa amekiri kuua wanawake 42. Miili iliyokuwa imeopolewa haikukaribia idadi hiyo. Lakini 42 ilishakuwa kichwa cha habari Afrika Mashariki nzima na nje yake, mara nyingi bila neno "polisi wanasema". Siku alipofikishwa mahakamani, wakili wake alidai mteja wake aliteswa. Agosti mtu huyo akatoroka kituo cha polisi cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12, na hakuna mahakama iliyokuwa imelipima ungamo lile. Uliyeandika "aua 42", nani alikwambia? Ungeandika: "Polisi wanasema mshukiwa amekiri kuua wanawake 42. Hadi sasa miili iliyopatikana ni michache zaidi, na ungamo hilo halijawasilishwa mahakamani." Sentensi hizo mbili zingesimama imara Julai, na zingeendelea kusimama Septemba.

Basi kila kauli ya polisi ibebe vitu vitatu: nani kasema kwa cheo, wapi, siku gani. Kisha uliza maswali mawili hata kama wenzako wanakuangalia vibaya: "Amefikishwa mahakamani?" na "Ana wakili?"

Tahadhari ya pekee kwa habari za kuvuja. Rafiki yako kituoni akikunong'oneza jina, anaweza kuwa anasema kweli kuhusu wanachokifikiri polisi, na polisi wakawa wamekosea. Julai 1996, bomu lilipolipuka katika bustani ya Olimpiki mjini Atlanta, Marekani, mlinzi Richard Jewell ndiye aliyeuona mfuko wenye bomu na kusaidia kuwaondoa watu. Siku tatu baadaye gazeti la mji likaandika kwamba FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanamchunguza yeye. Habari ya kwamba wanamchunguza ilikuwa ya kweli kabisa. Alizingirwa na kamera karibu miezi mitatu mpaka waendesha mashtaka wakaandika barua kwamba si mlengwa wa uchunguzi. Mlipuaji halisi, Eric Rudolph, alikamatwa mwaka 2003 na kukiri mahakamani 2005.

Hatua ya 5: Tenga uvumi na tabia za mtu

Mtaani utaambiwa "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Methali ni nzuri kwenye baraza la kahawa. Kwenye habari ya jinai ni hatari, kwa sababu lisemwalo hufanya lije lenyewe. Oktoba 2016, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji walioamini kwamba ni wanyonya damu. Walikwenda kufanya utafiti wa udongo. Uvumi ulikuwa na kasi kuliko gari lao.

Kwa hiyo uvumi hauandikwi, hata kwa kusema "kuna uvumi kwamba". Ukiurudia ili kuukanusha, anza na ukweli, taja uvumi mara moja tu, na usimtaje aliyevumishiwa.

Tabia za mtu ni ndugu wa uvumi. "Majirani wanasema alikuwa mkimya, hapendi kuchanganyika." Ukimya si kosa kwenye sheria yoyote. Desemba 2010 mjini Bristol, Uingereza, polisi walimkamata mwalimu mstaafu baada ya mpangaji wake, msichana wa miaka 25, kupatikana amekufa. Magazeti yakaandika kuhusu nywele zake, upenzi wake wa mashairi, jinsi alivyofundisha. Yakamchora kiumbe wa ajabu. Hakuhusika. Jirani mwingine, Vincent Tabak, ndiye aliyetiwa hatiani Oktoba 2011. Magazeti 8 yalimlipa mwalimu yule fidia ya kashfa, na mawili kati yake, Daily Mirror na The Sun, yakatozwa faini za kudharau mahakama, pauni 50,000 na pauni 18,000. Kule kinga ya sheria hiyo huanza mtu anapokamatwa, si anapofikishwa mahakamani. Soma tena habari yako ukiondoa kila kilichohusu sura, kabila, dini, mavazi na mazoea ya mtu. Kama kinachobaki ni mstari mmoja, basi una mstari mmoja.

Hatua ya 6: Picha na video

Sura ya mtuhumiwa usiirushe kabla hajafikishwa mahakamani, isipokuwa polisi wameitoa rasmi wakimtafuta. Sababu ni ya haki yake, na pia ni ya kesi yenyewe. Shahidi akiitwa kwenye gwaride la utambulisho, amtambue mtu kati ya waliopangwa mstari, upande wa utetezi utamuuliza: ulimwona wapi mara ya mwisho? Akijibu kwamba alimwona kwenye simu, utambulisho ule umekwisha. Kama kweli ndiye, umemsaidia kutoka. Najua makamanda wengine huwapanga watuhumiwa mbele ya waandishi, silaha zikiwa mezani. Kupangwa kwao hakukulazimishi kuonyesha sura. Piga picha ya meza.

Video uliyotumiwa ipime kabla ya kuigusa. Chukua fremu moja, ipakie kwenye Google Lens au TinEye, uone kama iliwahi kutumika. Sikiliza lafudhi. Tazama namba za magari, sare za askari, mvua au jua. Video za matukio ya nchi nyingine huletwa kwetu kila mwezi na kapshoni mpya.

Maiti hapana. Eneo la tukio, kwa umbali, bila kukanyaga alama na bila kuonyesha namba ya nyumba.

Hatua ya 7: Wasiotajwa kabisa

Mtoto wa chini ya miaka 18, awe mwathirika, shahidi au mtuhumiwa. Mwathirika wa ubakaji au ulawiti wa umri wowote. Marehemu ambaye familia yake haijapewa taarifa. Shahidi anayeogopa.

Kutotaja jina hakutoshi. Wewe unataja shule, mwenzako anataja kazi ya baba, wa tatu anaonyesha geti la nyumba. Mtaa mzima umeunganisha vipande. Kwenye kosa linalohusu mtoto na ndugu yake, ukimtaja mtuhumiwa na kueleza udugu, umemtaja mtoto. Chagua kimoja: ama jina la mshtakiwa bila udugu, ama udugu bila jina.

Hatua ya 8: Mtafute anayetuhumiwa na anayelia

Tafuta wakili, na kama hayupo, ndugu. Jitambulishe, sema unachotaka kuandika, mpe muda wa kweli wa kujibu. Ujumbe wa saa 5 usiku kwa habari inayotoka saa 5 na nusu haukumpa mtu nafasi.

Familia ya marehemu waendee taratibu. Toa pole kwanza, kaa kama umekaribishwa, kamera ibaki begani. Usiwaulize nani wanamshuku. Aliyepotewa na mtu wake jana atataja yeyote, na kauli ile itamfuata mwaka mzima.

Hatua ya 9: Kabla hujachapisha

Mpe mtu wako wa pili aisome kwa sauti, akusimamishe kwenye kila dai na kukuuliza: "Hili nani alikwambia?" Usipoweza kuonyesha mahali kwenye daftari, linatoka. Kichwa cha habari kipimwe mwisho na kwa ukali zaidi, kwa kuwa wengi hawatasoma kingine.

Hatua ya 10: Weka tarehe ya kurudi

Andika kwenye kalenda siku kesi itakapotajwa tena. Upelelezi ukiendelea kwa miezi, habari husahaulika, na mtu hubaki mtuhumiwa milele kwenye mtandao. Uliyeandika kukamatwa kwake una deni la kuandika mwisho wake.

Ukikwama

*Mhariri anasema wenzetu wameshataja jina.* Muulize nani aliwaambia wao. Mara nyingi wote wamenakili ukurasa mmoja. Kashfa haipungui kwa kuwa mmeifanya wengi. Bristol walikuwa 8.

*Polisi hawapokei simu.* Andika ulichokithibitisha na useme lini ulimtafuta msemaji. Kisha nenda mahakamani asubuhi, kaa benchi la nyuma. Mengi ambayo kituo hakisemi husomwa pale kwa sauti.

*Nimetumiwa ujumbe unaosema "sambaza uwafikie wengi".* Usisambaze, hata kwa kuuliza "hii ni kweli?" Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ina adhabu kwa anayechapisha taarifa anayojua ni ya uongo au ya kupotosha. Na kama una taarifa ya kweli inayoweza kusaidia upelelezi, ipeleke polisi, chukua namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, nyamaza.

*Wafuasi wanataja majina kwenye maoni.* Funga maoni ya habari hiyo. Utapoteza wafuasi kidogo.

*Polisi wananitaka niwape chanzo changu.* Usijibu peke yako. Ndiyo maana ulihifadhi namba ya wakili.

*Nimeshakosea.* Usifute kimyakimya, skrinishoti tayari zinazunguka na hazina maelezo yako. Sahihisha kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule, siku hiyohiyo, ukisema wazi kilichokuwa kosa. Mpigie simu uliyemkosea kabla hajasoma. Usieleze shinikizo ulilokuwa nalo. Hilo ni lako.

*Mtu aliyeachiwa anaomba nifute habari yake ya zamani.* Hapa waandishi tunatofautiana. Mimi kwa kawaida siifuti, kwa sababu kukamatwa kulitokea na rekodi ni rekodi, lakini siiachi ilivyo. Naondoa picha yake. Kama hakuwahi kushtakiwa, naondoa na jina. Kisha juu kabisa ya habari, kabla ya kichwa, naweka maelezo kama haya, nikijaza tarehe kutoka kwa karani:

"Habari hii ilichapishwa siku mtu huyu alipokamatwa. Aliachiwa tarehe … bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Kichwa cha awali kilimwita kwa neno ambalo hakuna mamlaka iliyokuwa imelitamka. Tumeliondoa, na tumemwomba radhi."

Nakala moja ichapishe kwenye karatasi, upige muhuri wa ofisi na kuweka saini, umpe. Ataihitaji anapoomba kazi au kukodi fremu ya duka, maana wengine bado watakuwa wanasoma ile ya kwanza.